Marehemu Hakuanza Kuugua Mwaka 2013

Baba Padre, wazee wetu, akina mama mlioketi kwenye mikeka tangu Jumapili, majirani wa Makere, na ninyi mliotoka Kibondo, Kasulu mjini na Munanila kuja kulia pamoja nasi, poleni na asanteni. Mimi ni Nestori, kaka yake Esteri aliyefiwa na mume, kwa hiyo marehemu alikuwa shemeji yangu, na shemeji kwa shemeji hawaachi kutaniana hata mmoja wao akiwa ndani ya sanduku, basi mkinisikia namtania msinione sina adabu, ndivyo tulivyoishi. Upande wa mume wapo wasomaji wazuri kuliko mimi, ila kila aliyeombwa asome historia hii ya marehemu alishikwa na kikohozi ghafla, na koo langu mimi ni zima.

Ndugu yetu Evaristi Manirambona alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 12 Machi 1978, katika kijiji cha Munanila, wakati ule kikiwa Wilaya ya Kasulu na sasa Wilaya ya Buhigwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa marehemu mzee Tharsisi Manirambona na mama Ininahazwe, huyu tuliye naye hapa mbele. Mzee Tharsisi alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa kijana, akapewa mahali pa kulima, akaoa, akafyatua matofali ya shule, akazeeka na akazikwa huko huko Munanila, na watoto wake wote hawajui udongo mwingine zaidi ya huu. Mama anasema Evaristi alianza kuongea kabla hajaanza kutembea, na alipoanza kutembea, alitembea kuwafuata watu ili apate wa kuongea nao.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma shule ya msingi Munanila kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, akafaulu, akasoma sekondari Kasulu na kumaliza kidato cha nne mwaka 1997, hakuendelea kwa sababu baba alikuwa ameanza kuumwa mgongo na shamba halina likizo. Huko shuleni ndiko alikogundua kwamba ana adui, na adui huyo mnamjua wote mliozaliwa milimani huku, maana sisi watu wa Kiha na Kirundi, l na r kwetu ni watoto wa tumbo moja, hatuwatofautishi, tukitaka kulala tunarara na tukitaka kura tunakula. Mwalimu mmoja aliyetoka mbali alimsimamisha mbele ya darasa, akamsomesha sentensi moja hadi kengele ikalia, wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu, naye akacheka pamoja nao, lakini aliniambia baadaye kwamba siku ile aliapa Kiswahili hakitamshinda.

Kuhusu kazi, mwaka 1999 alianza kusafirisha maharage kwa baiskeli kutoka Rungwe Mpya kwenda Kasulu, kazi aliyoifanya vibaya sana, kwani alikuwa akisimama kila kibanda kusikiliza habari, na siku moja alianguka mtoni na gunia zima, yale maharage yakaanza kuota kabla hayajafika sokoni. Mwaka 2001 mzee Hilali, huyu hapa mwenye kofia, alimchukua dukani kwake Kasulu kuuza redio na betri, na mke wake, Bi Mwanaamina, mtu wa pwani hasa, akamfunza ulimi kwa njia yake mwenyewe, kwamba sahani ya mchana hakabidhiwi mpaka aseme sawasawa kuwa anataka kula, na akisema anataka kura, anajibiwa aende kituoni akapige. Evaristi alikonda kidogo mwaka ule, lakini alijifunza.

Siku ya Jumamosi, tarehe 26 Julai 2003, alifunga ndoa takatifu na dada yangu Esteri hapa hapa Makere, na kwa kuwa alitusemea mahari yetu kwa ufasaha, tukampunguzia, jambo ambalo wazee wangu wanalijutia mpaka leo. Mungu akawajalia watoto watatu, Ndihokubwayo, Skolastika na mdogo wao Reverien, ambaye ana miaka minne na tangu juzi anauliza baba anatoka saa ngapi.

Mwaka 2009 marehemu aliajiriwa na redio moja ndogo ya Kibondo, akapewa kipindi cha Ijumaa mchana kilichoitwa Mnasemaje Huko, na nadhani hakuna mtu hapa asiyejua sauti ile, hata waliokuwa hawana redio walisimama kwenye madirisha ya wenye nazo. Lakini mwaka ule wa kwanza aliteleza, akatangaza kwamba shule mpya imefunguliwa ila haina mahari pa walimu, alitaka kusema mahali pa kuishi, simu zikamiminika, wazee wakiuliza hao walimu wanaolewa na nani na wanatakiwa mbuzi wangapi. Tulicheka mwezi mzima. Yeye akajiwekea utaratibu ambao hakuuacha tena, kwamba hasomi habari hewani kabla hajatembea nayo, anatoka nje ya mji wa Kibondo, anashika barabara, anaisoma kwa sauti kubwa mstari kwa mstari, na kila neno lenye l au r analirudia, mahali, mahari, kula, kura, kulala, mpaka ulimi unyooke. Watu wa barabara ile walimzoea, walimsalimia, watoto walimfuata wakiitikia kama kwaya, na wengine walijua habari za Ijumaa tangu Alhamisi.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye sehemu iliyowapa wasomaji wengine kikohozi.

Mnamo Septemba 2012, watu wa kitongoji kimoja mbele ya Rungwe Mpya, sitakitaja maana waliobaki wanaishi kwa woga, walianza kuambiwa kwamba bonde wanalolima tangu enzi za wazazi wao si lao, kwamba wao ni Warundi, na Mrundi hana bonde Tanzania. Bonde lenyewe lilikuwa limependwa na mkubwa mmoja, mwenye nguvu mpishe, nami nampisha kwa kutomtaja jina. Evaristi alikwenda kule na kinasa sauti, akakaa nao, akawasikiliza kwa Kiha chao, na Ijumaa tarehe 12 Oktoba 2012 akawarusha hewani, na aliyemliza kila mtu ni bibi mmoja aliyesema kwamba amezika mume na watoto wanne ndani ya bonde lile, anayesema si lake aende akawaulize wao. Wiki iliyofuata akarudia, na iliyofuata tena. Akaitwa ofisini, akatishwa, akapewa soda, akatishwa tena, akaulizwa kwa nini anachochea, naye akajibu kwamba yeye hajasema neno hata moja, wamesema wenye bonde.

Hapo ndipo walipokwama, kwa kuwa anayesema uongo anashtakiwa kwa uongo, lakini huyu alikuwa na sauti za watu wenyewe, na kumpeleka mahakamani kungekuwa kuzisikiliza upya mbele ya watu wote. Wakatafuta njia nyingine, wakaipata barabarani.

Siku ya Jumanne, tarehe 19 Februari 2013, marehemu alikuwa nje ya mji wa Kibondo akitembea na habari yake ya Ijumaa, na mstari aliokuwa nao ulikuwa unasema watu wananyang'anywa mahali pao, naye kama kawaida yake alikuwa akiurudia, mahali, si mahari, mahali, ndipo gari likasimama. Hawakumpiga, nataka mlijue hilo, walimsemesha kwa upole kama watu wanaombembeleza mtoto anywe dawa, wakamwambia kaka umechoka, umefanya kazi nyingi, panda tukakupime tu utarudi. Akapanda kwa miguu yake mwenyewe, na alimwambia Esteri kwa simu kwamba asiwe na wasiwasi, amepata kichekesho cha Ijumaa. Watu wawili ambao kwa miaka mitatu walikuwa wakimsalimia na kucheka naye barabarani pale walitoa ushahidi kwamba wamemwona mara nyingi akitembea peke yake, akiongea kwa sauti, akirudia neno moja lisilo na maana. Na hawakusema uongo! Hilo ndilo linaloniuma, shahidi gani mbaya kuliko asemaye kweli nusu.

Daktari aliyemhoji alikuwa mtu wa mbali, katika maisha yake l na r hazijawahi kumsumbua mtu. Evaristi akamweleza yote, habari ya mwalimu, habari ya sahani ya Bi Mwanaamina, habari ya walimu na mahari, na ninyi mnacheka hapa kwa sababu mnajua, lakini yule alikuwa ameketi mezani na kalamu, na ukiisikia habari hiyo ukiwa na kalamu mkononi, mtu mzima mwenye watoto anatembea kilomita kadhaa akijifundisha kusema mahali, kweli inafanana na wehu. Kila alivyoeleza zaidi, ndivyo yule alivyoandika zaidi. Kisha akaeleza habari ya bonde na mkubwa, kwamba ndiyo iliyomleta pale, na yule akaweka kalamu chini, akamwambia pole.

Walihitaji neno la ndugu. Wakaenda Munanila kumchukua mama Ininahazwe, mwanamke asiyejua Kiswahili cha ofisini, wakamweka kwenye kiti, wakamuuliza kwa mkalimani kama mwanawe yuko sawa. Mama, nisamehe nikilisema, umeniruhusu mwenyewe jana. Mama alifikiri wanamsifia mtoto, maana walikuwa wakitabasamu, naye akajibu kama mama yeyote wa milima hii anavyojibu akiulizwa habari za mtoto asiyeogopa mtu, akatikisa kichwa, akacheka, akasema uyu yarasaze kera. Sisi sote tunajua maana yake, ni kama kusema huyu ameshindikana, huyu ni moto, na anayesema hivyo moyo wake umejaa fahari. Mkalimani akatafsiri neno kwa neno, akasema mama anasema huyu ni kichaa tangu zamani. Likaandikwa, mama akapewa wino, akaweka dole gumba, akashukuru, akauliza mwanawe atarudi lini.

Tangu siku hiyo mama hacheki na mtu, na lile neno hatulisikii tena nyumbani kwetu, hata kwa mbuzi.

Marehemu alipelekwa hospitali moja ya mbali ambayo familia imeamua isitajwe, akafungiwa wodi ya wagonjwa wa akili, kwa maelezo kwamba ni kwa usalama wake. Tulimfuata mara tatu, mimi, Esteri na mzee Hilali, tukisafiri kwa mabasi mpaka miguu inavimba, na kila tulipofika tulimkuta amelala au ameketi akitazama mikono yake. Tulijaribu kuwaelewesha waliokuwepo, na wengine wao walikuwa watu wema, naapa, walitukaribisha chai, ila ilikuwa kama kumwaga maji kwenye mchanga. Evaristi akikasirika, wanasema ugonjwa umepanda, aongezewe. Akitulia, wanasema dawa zinafanya kazi, aendelee. Akisema amefungwa kwa ajili ya bonde, wanasema hilo ndilo lenyewe, anadhani anaonewa, na wanalo hata jina lake la kitaalamu. Mzee Hilali, ambaye sijawahi kumwona akipandisha sauti hata kwa mdeni, siku ile alipandisha, akawauliza je, mtu akionewa kweli ninyi mnamtambuaje, akaombwa ashushe sauti kwa kuwa anasumbua wagonjwa.

Tulikwenda kwa wakili, akasema atatazama. Tulikwenda kwa viongozi, wakasema suala la kitabibu haliingiliwi. Redio ilisema inasikitika. Esteri alisali, akafunga, akakonda, na mimi kaka yake niliyezoea kubeba gunia la mahindi begani sikuwa na cha kubeba, nilikaa tu kwenye benchi la hospitali nikihesabu vigae vya sakafu. Wakati huo kule Rungwe Mpya mawe ya mpaka yalipandwa, na kufikia mavuno yule bibi alikuwa amehamia kwa binti yake na mtu mwingine analima juu ya makaburi yake.

Alirudishwa nyumbani siku ya Ijumaa, tarehe 22 Novemba 2013, kwa masharti kwamba achomwe sindano kila mwezi, na asipofika atafuatwa. Aliyerudi alikuwa Evaristi, akili ni zile zile, kumbukumbu ni zile zile, aliuliza habari za kila mtu wa bonde kwa jina, lakini ulimi ulikuwa umekuwa mzito mdomoni, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Alipopita Kasulu, Bi Mwanaamina alimpakulia, naye akasema nataka kula, kila herufi mahali pake, ila ilimchukua muda mrefu kiasi kwamba mama wa watu aliiweka sahani mezani akaenda kulilia jikoni.

Kwa miezi iliyofuata nilijifunza jambo ambalo sikulijua, kwamba hawakuhitaji kumfunga tena, sisi wenyewe tuliobaki nje tulikuwa kuta za kutosha. Lisemwalo lipo, watu walisema, haiwezekani mtu akae wodini miezi yote hiyo awe mzima. Mkurugenzi wa redio, mtu mwenye roho nzuri lakini mwenye watoto wa kusomesha, alimwambia kwamba akimrudisha hewani, wasikilizaji watauliza kama kituo kimekosa wazima. Kwenye mkutano wa kijiji wa Septemba 2014 Evaristi alinyoosha mkono kuuliza habari ya bonde, akaruhusiwa, akasema vizuri, polepole, hoja moja baada ya nyingine, na alipomaliza mwenyekiti akashukuru, akasema tumpigie makofi mgonjwa wetu anaendelea vizuri. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyejibu swali. Nilimtazama shemeji yangu akikaa chini, na kama mtu anaweza kufa akiwa ameketi kwenye benchi huku anapigiwa makofi, basi alianza kufa pale.

Alipata furaha mara moja tu baada ya hapo, nami naitaja ili isipotee. Mwaka huu mwezi Mei, ndugu zetu kutoka Burundi walipoanza kumiminika kambini hapa jirani, wamechoka, wana watoto migongoni, Evaristi alikwenda kuwasaidia kusema na wahudumu, na wale hawakuwa wamesikia habari zake. Kirundi hakina ugomvi wa l na r, kwa hiyo hata ule ulimi mzito ulisikika kwao kama wa mzee mwenye busara anayepima maneno, walimzunguka, wakamuuliza mambo, wakaamini majibu yake, hata akina mama wa Kikongo waliokuwepo kambini tangu zamani walikuwa wakimwita papa, yaani baba. Esteri alimsikia akipiga mluzi akioga. Halafu mtu wa hapa hapa, mwenye nia njema eti, akaenda kuwatahadharisha wasimamizi, na mwishoni mwa Juni akasindikizwa mpaka barabarani kwa heshima zote, akaambiwa kaka, pumzika.

Sasa kuhusu ugonjwa na kifo chake. Kamati ya mazishi ilinishauri, na mtu mwingine akapiga simu jana kunishauri tena, kwamba hapa nisome kama inavyosomwa siku zote, marehemu alianza kuugua mwaka 2013, akahangaika na ugonjwa kwa muda mrefu, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Ni sentensi nzuri, haimkeri mtu, na wengi wenu mngeitikia amina bila kuinua macho. Nimekaa na Esteri na mama, tumelizungumza, na familia inasema hapana. Marehemu hakuanza kuugua mwaka 2013. Mwaka 2013 alikamatwa. Marehemu alianza kuugua siku ya Alhamisi, tarehe 6 Agosti 2015, asubuhi, baada ya kunywa uji, akaugua siku tatu, na ugonjwa wake ulikuwa wa tumbo.

Alhamisi hiyo alipelekwa kwenye zahanati, akaeleza kama mwandishi anavyoeleza, kwamba maumivu yalianza kitovuni, yakahamia upande wa kulia chini, kwamba akikohoa yanachoma, kwamba ametapika. Aliyempokea alimtambua, akasema huyu ni yule wa redio, akamuuliza lini mara ya mwisho amechomwa sindano yake. Evaristi akasema hilo si la kichwa, ni la tumbo. Akajibiwa sawa, sawa. Akachomwa ya kumtuliza, akarudishwa nyumbani akiwa amelala. Ijumaa alirudishwa tena, sasa amejikunja, na kwa kuwa alipiga kelele walimchoma nyingine, kelele zikaisha, wakasema mnaona. Alipozinduka alimshika Esteri mkono, akamwambia wewe waambie, wewe watakuamini, waambie linauma kweli. Dada yangu akaenda kuwaambia, akapiga magoti kwenye sementi, akawaambia mume wangu si mwehu, tumbo lake linauma kweli, nao wakamwambia mama umechoka, nenda kapumzike.

Jumamosi aliingia zamu nesi mmoja kijana, Shadia, mgeni kwenye kituo kile, yeye alikuwa hajaambiwa lolote, akambonyeza tumbo pale alipoonyesha, akaliachia, akamwona alivyoruka, akakimbia kutafuta gari. Hospitali ya Kasulu walimfungua siku hiyo hiyo, wakakuta kidole tumbo kilikwisha kupasuka na usaha umesambaa, na daktari aliyempasua akatoka nje, akatuuliza kwa uchungu kwa nini tumekaa naye nyumbani, mbona hakusema. Marehemu alifariki dunia siku ya Jumapili, tarehe 9 Agosti 2015, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na saba, ameacha mama, mjane na watoto watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kasulu waliojaribu kuokoa kilichokuwa kimebaki, na kwa namna ya pekee nesi Shadia, ambaye ameketi pale nyuma na analia kuliko wafiwa, binti yangu, usilie, wewe ndiye pekee uliyemsikia. Tunawashukuru majirani wa Makere kwa kuni, maji na mikeka, mzee Hilali na Bi Mwanaamina kwa kuwa ndugu tusiozaliwa nao, wenzake wa redio waliokuja bila vipaza sauti, na wale wa bonde waliotembea tangu jana kwa miguu, wakakaa nje ya uzio wakiogopa kuonekana, ingieni ndani, msiba huu ni wenu. Wale walioshindwa kumwamini kwa sababu waliambiwa na wataalamu kwamba haaminiki, hatuwalaumu sana, nanyi msijilaumu sana, ila kidogo mjilaumu.

Historia hii imesomwa na mimi Nestori, mkulima wa Makere, siku ya Jumatano, tarehe 12 Agosti 2015, nikiwa na akili zangu timamu, sijalewa, sijatumwa na mtu, wala sijachoka, na ninyi nyote mmenisikia na mmeniona. Mkija kuambiwa kwamba nimeanza kuugua, kumbukeni tarehe hii, semeni mlikuwepo na nilikuwa mzima. Nawe shemeji, pumzika sasa kwa amani ya Mungu, yeye hahitaji kuelezwa mara mbili.